Kimfuko cha Simu ya Mama

Mama alikuwa na wiki ya tano ndani ya eda nilipoanza kusema ananifanyia kusudi. Nampigia simu asubuhi kabla sijaingia darasani, haipokelewi. Nampigia saa nne watoto wakitoka kunywa uji, haipokelewi. Adhuhuri, haipokelewi. Jioni nikimpata mama mdogo, nduguye, ambaye analala naye kule Kigombe lakini mchana hushinda kwake na wajukuu, ananiambia, "Mamako mzima, anasuka ukili wa mkeka. Simu hajui kaiweka wapi."

Kila siku hajui kaiweka wapi! Mara iko chini ya mto, mara ndani ya debe la unga, mara imefungwa kwenye pindo la kanga na kanga yenyewe imeanikwa kwenye kamba. Simu yenyewe kitochi tu, inaenea kiganjani, lakini mlio wake husikika mpaka nyumba ya tatu. Mama ana presha. Mchana kutwa yuko peke yake, na mjane wa eda hatoki ovyo, miezi minne na siku kumi. Mie niko mjini, Makorora, nafundisha darasa la tatu, na ruhusa yangu ya msiba ilikuwa imekwisha. Akianguka humo ndani, nani atanipa habari? Hofu ile ilikuwa ikinila, na kwangu mie hofu hutoka na sura ya hasira. Niko hivyo tangu udogo, na waliojaribu kunirekebisha wamechoka.

Kuna jambo lazima niliseme hapa, ingawa wakati ule sikuona kwamba linahusiana na simu kutopokelewa.

Baba alifia mjini, hospitali, asubuhi na mapema. Mama alikuwa ameshinda naye siku tisa mpaka miguu ikamvimba, tukamrudisha Kigombe apumzike siku mbili. Nikabaki mie. Daktari aliponiambia, nilitoka nje barazani, nikashika simu, nikampigia mama. Nikamwambia baba kafa. Basi. Sikupanga, sikufikiri. Nilimtaka mama yangu, nikamwita.

Kwetu mambo hayaendi hivyo. Mke haambiwi kwa simu. Hupigiwa watu wazima wa karibu, wanawake wawili watatu wakaingia nyumbani kana kwamba wamepita kusalimia, wakakaa, wakauliza habari za mgonjwa, mmoja akajisogeza ubavuni pake kabisa. Anaambiwa kwanza hali si nzuri. Kisha wanaingia wengine, na wengine, na mwenyewe anaanza kuelewa kwa jinsi viatu vinavyozidi mlangoni. Hapo ndipo anaambiwa neno lenyewe, na linamkuta mikono yake imeshashikwa. Baba mkubwa alipojua nilichofanya alinifokea mbele za watu, maiti hata haijatoka hospitali. "Wewe umelelewa wapi?" Nikamjibu, na leo naona haya kuliandika, kwamba dunia sasa ina simu, na kwamba mie sikuwa na muda wa kutafuta vizee vya kutuma. Nikasema pia kwamba aliyekufa ni baba yangu. Hilo la mwisho halikuwa uongo. Watu wakanivuta pembeni, wakaniambia nimswalie Mtume, na mambo yakaishia hapo. Mie nilidhani yameishia hapo, maana mama mwenyewe hakunigusia hata siku moja.

Kwa hiyo wiki ile ya tano nikaamua dawa ya mama ni kumfunga simu mwilini. Kimfuko kidogo, chenye kamba, kikae shingoni usiku na mchana, aone sasa atasingizia debe la unga.

Nina shoga yangu Chumbageni, tulisoma pamoja. Babu zake watu wa Omani, nusu ya ndugu zake wako Maskati mpaka leo, na dada yake mmoja kila akija humletea vitu vya ajabu ajabu. Safari moja alimletea fremu za kufumia. Usifikirie kitu kikubwa. Ni duara la plastiki, kubwa kiasi cha mdomo wa kikombe cha bati, limezungukwa na vijiti vilivyosimama, na kindoano chake cha pembeni. Unazungushia uzi kwenye vijiti, unazungushia tena, kisha kwa kindoano unakiinua kitanzi cha chini unakipitisha juu ya kile cha juu, unakivusha kijiti. Kijiti hadi kijiti, mzunguko hadi mzunguko, na kitambaa kinateremka katikati ya duara kama soksi. Shoga yangu alikuwa anafumia kofia za vichanga. Nikamwambia nataka soksi ya kuvaa simu.

Najua ningeweza kununua. Madukani vimejaa, vya ngozi ya bandia, vya zipu, vya kila rangi. Lakini cha dukani mama angekigawa siku ileile kwa mtoto wa jirani. Kitu alichofumiwa na mwanawe angeona vibaya kukivua. Hiyo ndiyo ilikuwa hila yangu, na sikatai kwamba ilikuwa hila.

Nikaenda na uzi wangu, nimeuchagua mwenyewe, wa rangi ya chungwa, una nyuzi za kumetameta ndani. Shoga yangu akauchungulia kwenye mfuko wa karatasi, akanitazama.

"Huu wa nani?"

"Wa mama."

"Mama yupi? Huyu aliye edani?" Akapiga makofi. "Wee! Mwanamke hagusi wanja, hagusi mafuta ya uzuri, wewe unamning'inizia vimeta kifuani! Unamtafutia mchumba?"

Nilicheka mpaka nikashika ukuta, ndiyo mara ya kwanza kucheka tangu mazishi. Kisha nikatoka nikaenda kubadilisha. Nikachukua wa rangi ya majivu, mnene, hauna urembo wowote.

Sasa kufuma. Lo! Mzunguko wa kwanza ulikwenda vizuri, wa pili nikakwama. Kindoano hakiingii. Vitanzi vimebana kwenye vijiti utadhani vimegundishwa. Nikasukuma, nikavuta, kindoano kikaniteleza kikanichoma chini ya ukucha. Nikalaani fremu, nikalaani Maskati yote.

"Unafuma au unamfunga mwizi?" shoga akauliza. "Hebu fumua uanze tena. Usivute."

"Sijavuta."

"Umevuta. Ona mkono huo. Huo mkono wa ukili."

Alisema kweli. Mie nimezaliwa kwenye ukili. Kigombe, mtoto wa kike akijua kushika kitu anapewa ukindu, na mama alikuwa mwalimu asiye na mchezo. Unapitisha, unavuta. Unapitisha, unavuta. Mama alikuwa akiuchukua ukili wangu, anauinua kwenye jua la mlangoni, na akiona mwanga unapenya popote anaufumua bila neno, ananirudishia. Miaka ile imeingia vidoleni, haitoki. Kila nilipozungusha uzi kwenye kijiti, kidole changu kilikuwa kinamalizia kwa kuvuta, wala mie sina habari.

"Kitanzi kinataka nafasi ya mwenzake kupita," shoga akasema. "Legeza. Uko kama unavyosema na watu, umebana tu, umebana tu, hakuna pa mtu kupitia."

Kwa hilo nilinuna. Nilinuna kwelikweli, nikafuma nusu saa bila kumsemesha, na yeye akanywa chai yake kana kwamba siko. Lakini jioni ile nikitembea kwenda nyumbani neno lenyewe nilikuwa nalo. Si kwamba nililikubali. Nilikuwa natafuta la kumjibu na nikawa silipati.

Jioni nne zilinichukua, baada ya alasiri, kitu ambacho shoga yangu angekimaliza kwa kikao kimoja. Cha kwanza nilikibana, nikavunja kijiti kimoja cha fremu ya watu. Cha pili nikalegeza kwa hasira, kikatoka matundu kama jarife la wavuvi, simu ikaingia juu ikatokea chini. Cha tatu mkono ukaanza kuelewa. Nilikuwa najikumbusha kwa sauti, zungusha, acha, zungusha, acha, na watoto wa shoga yangu wakawa wananiiga mlangoni. Chini nikakifunga kwa sindano. Kamba nikaifuma kwa vijiti vitatu tu, nyembamba na ndefu, ya kupita shingoni na kushuka mpaka chini ya kifua. Nikatia simu yangu ya zamani kujaribu. Ikakaa. Nilifurahi kuliko inavyomstahili mtu mzima mwenye mshahara.

Jumamosi nikaenda Kigombe. Mama alikuwa chumba cha ndani, amekaa mkekani na nguo zake nyeupe za eda, ukindu umezagaa pembeni. Nikampa shikamoo, akaniitikia marahaba mwanangu, akauliza habari za mjini, tukakaa. Alikuwa amepungua. Mabega yalikuwa yamemshuka, na mie nikasema moyoni, ona, huyu ndiye ninayeambiwa mzima.

Nikamtolea kimfuko. Akakipokea kwa mikono miwili, akakigeuza, akaingiza vidole ndani. Halafu akakiinua kwenye mwanga wa dirisha. Nikajua tu.

"Kinapitisha mwanga," akasema.

"Ndivyo kinavyofumwa, mama. Hakibanwi."

"Na wewe umeweza kutobana?" Akanitazama vizuri, akatabasamu. "Haya. Dunia ina mambo."

Simu yake ilikuwa chini ya mto. Nikaitia ndani ya kimfuko, nikamvisha mwenyewe, nikapitisha kamba chini ya ushungi, nikaituliza kifuani. Hakukataa. Akakipapasa kidogo, akashika ukindu wake akaendelea. Mie kichwa kimevimba kwa ushindi. Nikasema, "Subiri nikuonyeshe," nikatoka uani. Nilitaka kumwonyesha kwamba sasa hata akiwa jikoni, hata akiwa anatawadha, simu iko papo hapo, hakuna tena hajui kaiweka wapi. Nikasimama karibu na kisima, nikabonyeza jina lake, nikawa natabasamu peke yangu uani kama mwehu.

Simu ikalia ndani. Halafu nikasikia mama anapiga kelele.

Halikuwa neno. Nilikimbia. Nikamkuta amepiga magoti juu ya ukindu, mikono miwili inakivuta kile kimfuko shingoni, kamba imenasa kwenye ushungi haitoki, anavuta na kugeuza uso pembeni kana kwamba kuna nyuki kifuani. "Nani tena?" anasema. "Nani tena? Nani tena?" Na simu inalia, inalia, na mie nimesimama mlangoni sielewi kwa nini hainyamazi, mpaka nikakumbuka kwamba ni mie ninayempigia. Yangu ilikuwa bado sikioni.

Nikakata. Nikamvua kimfuko, nikakitupa kitandani. Alikuwa anatetemeka mpaka meno. Nikamshika nikakaa naye chini, na unajua nilisema nini? Nilisema, "Mama, si mie tu! Mbona unanitisha hivi?" Hata pale, ulimi wangu ulitangulia.

Alipopata pumzi akasema, "Najua ni wewe. Kwani siku ile alikuwa nani?"

Nikaisukuma simu yangu chini ya mkeka.

"Nilikuwa nakuna nazi," akasema. "Simu ikalia, nikafurahi, nikasema mwanangu huyo, labda babake kaomba uji. Hata shikamoo hukunipa. Ukasema baba kafa, ukaanza kulia, ikakatika. Nikakaa pale na kifuu mkononi. Sikuweza kusimama, sikuweza kuita. Jirani alikuja jua limeshapanda, kuomba moto, ndipo akanikuta." Akafuta uso kwa pindo la ushungi. "Wanawake wote wa mji huu wakifiwa hushikwa. Mie nimekwenda kuwashika wangapi? Ilipofika zamu yangu mie, sikushikwa na mtu."

Hakusema kwa ukali. Angesema kwa ukali ningejua namna ya kujibu.

"Kwa nini hukuniambia?" nikauliza. "Wiki tano zote hizi, mama!"

"Nikwambie kwa nini? Kwa simu?"

Nililia. Sikulia hivyo hata kaburini kwa baba. Nikamwambia kwamba nilikosea, kwamba baba mkubwa alinieleza na mie nikamjibu ufedhuli, kwamba siku ile sikumfikiria yeye hata kidogo, nilijifikiria mie, nilitaka mtu wa kulia naye nikamtwisha yeye peke yake. Nikamwomba radhi. Neno hilo kwetu si la kuchezea, na mie sikuwahi kulisema kwa mama yangu isipokuwa siku ya ndoa yangu, walipoliweka wazee mdomoni mwangu.

"Nilikusamehe siku ileile," akasema. "Wewe mwanangu, ulikuwa umefiwa na wewe. Radhi unayo. Ila mlio ule..." Akaweka mkono kifuani pale kimfuko kilipokuwa. "Mlio ule nikiusikia mwili hauniulizi. Ndio naiweka kwenye unga, usisikike sana. Nikajua utakasirika. Nikasema, afadhali hasira zake, nimezizoea."

Nikamwuliza nifanye nini. Akasema nisimpigie. Akinitaka atanipigia yeye. Nikamwonyesha jinsi ya kubonyeza kitufe cha mbili na kukishikilia mpaka simu yangu iite, akarudia mbele yangu bila kupiga. Kimfuko kilibaki kitandani, hakukigusa, na mie sikukitaja. Alasiri nikarudi mjini.

Jumapili hakupiga. Jumatatu hakupiga. Mama mdogo alikuwa akinipa habari jioni, mzima, kala, kanywa dawa, na safari hii sikuongeza neno. Lakini nilikuwa nimegundua kitu kibaya kuliko hofu ya kuanguka kwake. Nilikuwa na radhi ya mama yangu mkononi, kaitamka kwa kinywa chake, na bado mlio wa simu yangu ulikuwa unamtia homa. Ikiwa mwili wake haunikubali tena, radhi ile nitakwenda nayo wapi? Shoga yangu nilimsimulia. Hakunitania. Aliniwekea chai tu.

Alhamisi, saa sita na robo, niko ofisi ya walimu nasahihisha madaftari, simu yangu ikaita. Jina la mama. Yeye hajawahi kunipigia saa za kazi maisha yake yote. Nilitazama ile simu juu ya meza inavyozunguka na kutetemeka, na nakwambia kweli, sikutaka kuipokea. Nilitaka mtu ainyamazishe. Nilitaka debe la unga.

Nikapokea. Kabla sijafungua mdomo akasema, "Tulia. Hakuna msiba."

"Shikamoo, mama," nikasema.

"Marahaba. Kidude chako nimekivaa, tangu asubuhi. Sasa sikiliza. Kata, halafu wewe unipigie."

"Nikupigie?"

"Nimekaa kabisa kitandani, sitaanguka. Mama mdogo wako nimemwita, yuko hapa, kanishika. Nataka nizoee. Siwezi kuishi namwogopa mwanangu."

Akakata yeye. Nikainuka nikatoka nje nyuma ya madarasa. Nikabonyeza. Ikaita mara moja. Nikamwona moyoni, kile kimfuko cha majivu kinamtetemeka kifuani. Ikaita mara ya pili, ya tatu. Nusura nikate nimwonee huruma. Ya nne. Ya tano. Nilikuwa nimeanza kuiondoa sikioni.

"Haya," akasema. Anahema kama aliyetoka kuteka maji. "Nimepokea. Sema."

Nilimpa shikamoo tena, polepole, nikangoja mpaka akaitikia. Nikamwambia wote wazima huku. Nikangoja tena. Pumzi zake zilikuwa zinapungua, mie nazisikiliza. Kisha nikamwuliza leo anapika nini, na akaanza kunieleza.